Siku ya nne mgonjwa alisema ameshakufa: kisa cha asikloviri ya mshipani katika wodi moja ya Nairobi

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 54, mkazi wa Umoja, muuzaji wa mitumba Gikomba. Hakuwa na kisukari wala presha, na hakuwa akitumia dawa yoyote ya kila siku. Jina lake na la hospitali sitayataja. Ugonjwa ulianza kwa homa na kuumwa kichwa. Kesho yake akawa analalamika kwamba anasikia harufu ya plastiki ikiungua, ilhali jikoni hapakuwa na moto. Siku iliyofuata alimwita binti yake kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, akagombana naye kwa nini hajarudisha sufuria. Kliniki ya mtaani ilimpa dawa ya malaria bila kumpima. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba amechezewa. Alfajiri ya Ijumaa alipata degedege, ndipo wakampakia kwenye teksi wakamleta hospitali.

Homa, harufu isiyokuwepo, majina kuchanganyika, halafu degedege. Dalili hizo zikija pamoja zinaelekeza kwenye sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio, na hapo ndipo virusi vya hepesi simpleksi aina ya 1 hupenda kushambulia vikifika ubongoni. Daktari aliyempokea alilifikiria hilo mara moja. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, cha HIV vilevile. Picha ya CT ilikuwa ya kawaida, jambo ambalo siku za mwanzo halimwondolei mtu ugonjwa huu. Maji ya uti wa mgongo yalitoka maangavu, yakiwa na chembe nyeupe 110, nyingi zikiwa limfosaiti (aina inayoelekeza kwenye virusi kuliko bakteria), protini iliyopanda na sukari ya kawaida. Sampuli ikapelekwa maabara ya nje kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi, na asikloviri, dawa ya virusi vya hepesi, ikaanzishwa saa hiyohiyo pamoja na seftriaksoni, dawa ya bakteria, bila kusubiri majibu.

Hapo daktari alifanya sawa kabisa, na nalisema mapema kwa sababu yote yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji aiogope dawa. Bila tiba, ugonjwa huu huua karibu wagonjwa 7 kati ya 10. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1986, waliotibiwa kwa asikloviri walikufa asilimia 28, na waliopewa vidarabini, dawa iliyokuwa ikitumika kabla yake, walikufa asilimia 54. Kila saa inayopotea kabla ya dozi ya kwanza inalipwa na ubongo. PCR yenyewe inaweza kudanganya ikichukuliwa siku tatu za mwanzo za ugonjwa, kwa hiyo jibu la kwanza la kutoona virusi halitoshi kuizima dawa kama dalili zote zinasema hepesi.

Binti yake aliposikia neno hepesi alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama baba aambiwe. Swali hili naliona mara nyingi na linaniumiza, kwa sababu aibu hiyo haina msingi. Zaidi ya nusu ya watu duniani walio chini ya miaka 50 wanabeba virusi vya aina ya 1, na wengi walivipata utotoni kwa busu la shangazi au kikombe cha pamoja. Ndivyo vinavyoleta vidonda vya mdomoni wakati wa homa. Kwa watu wachache sana, kwa sababu ambazo mgonjwa hakuzitafuta wala kuzikosea, vinapanda hadi ubongoni. Aliambiwa hivyo waziwazi, na baba akaambiwa vilevile.

Kuanzia hapa nikisema siku, nahesabu kutoka dozi ya kwanza.

Kwenye karatasi ya matibabu dawa iliandikwa hivi: asikloviri miligramu 800, mshipani, kila baada ya saa 8. Basi. Kipimo cha ensefalitisi ya hepesi, yaani hepesi ya ubongo, kwa mtu mzima mwenye figo nzima ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 8, kwa siku 14 hadi 21. Hizo 800 zilitokana na uzito wa kilo 80, na kilo 80 zilitokana na macho. Mama hakuweza kusimama kwenye mizani, akiwa amefunikwa blanketi mbili, na mtu mmoja akakisia. Iendeshwe kwa muda gani, ndani ya maji kiasi gani, mgonjwa apate maji kiasi gani kwa siku, kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikilegea, ipimwe lini tena: hakuna lililoandikwa.

Ijumaa kreatinini yake ilikuwa mikromoli 78 kwa lita, ambayo ni nzuri. Kisha ikaingia wikendi. Jumamosi na Jumapili damu haikuchukuliwa. Kwa kuwa madaktari walihofia ubongo kuvimba, dripu zilibanwa hadi lita moja kwa siku, kwa mtu mwenye homa, anayetoka jasho na asiyeweza kumeza. Kichwa kilipouma sana usiku wa Jumamosi alidungwa diklofenaki, na Jumapili akadungwa tena. Jumapili mchana homa ilishuka, akamtambua binti yake, akamwita kwa jina lake. Wodi nzima ilifurahi. Usiku ule alianza kutapika na kushika kiuno.

Jumatatu, siku ya nne, niliitwa nikiwa mfamasia wa zamu ya wodi hiyo. Niliyemkuta hakuwa mtu wa Jumapili. Mikono ilikuwa inatetemeka, mabega yakiruka ghafla kama ya mtu aliyeshtuliwa, ulimi mzito. Alikuwa akimwambia kila aliyepita: "Mimi nilishakufa. Mbona hamnifuniki?" Hakuwa analia. Alisema kwa utulivu, na kwa subira, kama anayetukumbusha kazi tuliyoisahau.

Mfuko wa mkojo ulikuwa na mililita 400 tangu jana asubuhi. Kreatinini ilirudi 214. Mchana uleule jibu la PCR likafika: hepesi simpleksi aina ya 1, ipo.

Swali la saa hiyo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki. Je, ni ugonjwa unaorudi kumla ubongo, au ni dawa? Ukikosea upande mmoja, unaongeza dozi na kuzika figo. Ukikosea upande wa pili, unaiacha dawa na kuviachia virusi ubongo. Daktari bingwa alielekea kuisimamisha asikloviri kabisa mpaka figo zipone. Nilimwelewa, lakini sikukubaliana naye, na tulikaa kwenye meza ya wauguzi tukapitia kila kitu kimoja kimoja.

Lililotusaidia kwanza ni mpangilio wa siku. Homa ilikuwa imeshuka na haikurudi. Hakukuwa na udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Kutetemeka na misuli kurukaruka si desturi ya hepesi ya ubongo, ila ni desturi ya asikloviri iliyorundikana kwa mtu ambaye figo zimelegea. Kuna zao moja la dawa hii, linaloitwa kwa kifupi CMMG, ambalo hupanda mwilini na kuchafua akili figo zinapozembea. Na lile neno la kufa lenyewe lina historia: watafiti wa Sweden wameandika kuhusu wagonjwa wenye figo mbovu waliotumia asikloviri au valasikloviri, ndugu yake ya kumeza, wakaamini kwa dhati kwamba wamekufa. Wengi wetu tungelipuuza kama maneno ya homa. Kumbe mgonjwa alikuwa anatupa dalili ya maana kuliko zote tulizokuwa nazo asubuhi ile. Hata hivyo hatukutegemea hilo peke yake. CT ilirudiwa na haikuonyesha damu, na kipimo cha umeme wa ubongo kilifanywa kesho yake kuhakikisha hana degedege la kimya. Hakuwa nalo.

Kisha tukauliza figo zilifikaje hapo. Chati ilikuwa na alama ya vema kwenye kila dozi: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Alama ya vema haisemi dawa ilichukua muda gani kuingia. Aliyejua ni binti. Alikuwa ameruhusiwa kukaa kando ya kitanda kwa sababu mama alikuwa anachomoa mpira wa dripu. Nilimuuliza, "Dada, hii chupa ndogo huwa inachukua muda gani kuisha?" Akajibu, "Hii ya dawa? Hiyo ni haraka, daktari. Inaisha kabla sijamaliza chai." Akatoa simu. Alikuwa akipiga picha ya dripu kila ilipotundikwa na kila ilipoisha, ili awatumie ndugu zake kwenye kikundi cha familia wajue mama anahudumiwa. Picha mbili za usiku wa Jumamosi zilitofautiana kwa dakika 14.

Ili dakika hizo zieleweke, inabidi kuijua dawa yenyewe. Asikloviri ilitoka kwenye maabara alimofanya kazi Gertrude Elion, aliyepata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1988 pamoja na George Hitchings na James Black. Uzuri wake ni kwamba haiamki mpaka iguswe na kimeng'enya cha virusi wenyewe. Seli isiyo na virusi huiacha ipite karibu bila kuguswa. Ndiyo maana dozi kubwa za kila saa 8 zinawezekana. Sehemu kubwa yake hutoka kwa mkojo ikiwa vilevile ilivyoingia, na hapo ndipo pana hatari: haiyeyuki vizuri. Kwenye joto la mwili, mililita moja ya maji hubeba miligramu 2.5 tu. Figo huchuja dawa, kisha hurudisha maji mwilini, na mkojo unavyozidi kuwa mzito dawa hufika mahali haiwezi tena kubaki imeyeyuka, kama chumvi inayobaki chini ya kikombe chenye maji kidogo. Hugeuka fuwele nyembamba kama sindano na kuziba mirija ya figo. Kwa kawaida hilo hutokea ndani ya siku moja au mbili za mwanzo, na mara nyingi mgonjwa hahisi chochote. Maabara yetu iliangalia mkojo wa Jumatatu na fuwele hizo zilikuwepo.

Sasa rudisha dakika 14 mahali pake. Miligramu 800 badala ya 640 zilizostahili uzito wake wa kweli, zimiminwe kwa robo saa badala ya saa nzima au zaidi, kwa mtu aliyekauka, ambaye pia amedungwa diklofenaki inayobana mishipa ya damu ya figo. Hakuna moja kati ya hayo ambalo peke yake lingekuwa la ajabu kwenye wodi yoyote jijini. Muuguzi wa usiku ule alikuwa peke yake na wagonjwa wengi, hapakuwa na pampu ya dripu, na karatasi iliyokuwa mbele yake haikumwambia kwamba dawa hii haimiminwi kama seftriaksoni. Simlaumu. Nalaumu mstari mmoja ulioandikwa nusu.

Alipimwa uzito hatimaye: tulimweka kwenye kiti cha magurudumu, tukavipima vyote pamoja, tukatoa uzito wa kiti. Kilo 64. Ilichukua dakika chache na watu wawili.

Kuhusu kusimamisha dawa, hoja yangu ilikuwa hii. Mtu mwenye figo nzima hupunguza nusu ya asikloviri iliyo kwenye damu kwa kama saa 3. Figo zikisimama kabisa, nusu hiyo huchukua karibu saa 20. Kwa hiyo mgonjwa ambaye figo zimelegea hajaachwa bila dawa ukimrukisha dozi mbili. Dawa bado imo mwilini mwake, na inafanya kazi. Kurefusha nafasi kati ya dozi si kuacha tiba. Kuacha kwa siku tano ukisubiri kreatinini irudi 78, virusi vimethibitishwa ubongoni, ni kuacha tiba.

Kwa hesabu ya kawaida inayotumia umri, uzito na kreatinini, figo zake zilikuwa zikichuja mililita 73 kwa dakika siku ya kwanza, na kama 27 siku ya nne. Miongozo husema: zaidi ya 50, kila saa 8, kati ya 25 na 50, kila saa 12, kati ya 10 na 25, mara moja kwa siku, chini ya 10, nusu ya dozi mara moja kwa siku. Kwa kusoma tu jedwali, angepewa kila saa 12. Lakini hesabu hiyo huaminika kreatinini ikiwa imetulia. Yake ilikuwa bado inapanda, maana yake uchujaji wa kweli ulikuwa chini ya 27 iliyokuwa kwenye karatasi. Tukakubaliana miligramu 640 mara moja kwa siku, ya kwanza kesho yake asubuhi, na kreatinini kila siku bila kujali ni wikendi. Daktari wa figo alijulishwa. Usafishaji wa damu kwa mashine huondoa sehemu kubwa ya asikloviri na tuliuweka tayari, lakini potasiamu ilikuwa 4.9, bado ya kawaida, na mkojo ulianza kuja, hivyo haukuhitajika.

Hofu ya maji ilihitaji mazungumzo marefu zaidi. Ni kweli ubongo uliovimba haupendi maji. Yanayouumiza zaidi, hata hivyo, ni maji mepesi kama ya glukosi tupu, yanayokimbilia ndani ya seli. Salini ya kawaida, 0.9%, ikiendeshwa kwa kipimo huku mapafu yakisikilizwa na sodiamu ikifuatwa, ni jambo jingine. Alipewa lita 3 katika saa 24 za kwanza, na wauguzi wakapewa lengo moja la kuangalia: mkojo usiopungua mililita 75 kwa saa. Diklofenaki ilifutwa, parasetamoli ikachukua nafasi. Seftriaksoni ilikuwa imekwisha kazi, maana maabara haikuotesha bakteria, ikasimamishwa.

Maagizo mapya yaliandikwa kwa urefu: asikloviri miligramu 640 ndani ya salini mililita 250, dakika 90, mshipa mkubwa wa mkono, salini iwe imeanza kabla ya dawa na iendelee baada yake. Bila pampu, hiyo ni kazi ya macho na saa ya mkononi. Kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, ukijumlisha na maji ya kuyeyushia dawa yenyewe, ni kama matone 58 kwa dakika. Sista wa zamu ya mchana aliandika kwenye plasta juu ya chupa: "14 au 15 kwa sekunde 15". Akasimama, akahesabu, akazungusha gurudumu kidogo, akahesabu tena. Binti akajifunza kuhesabu naye, na kuanzia siku ile akawa anamwita sista matone yakikimbia mgonjwa alipokunja mkono.

Mililita 250 zilichaguliwa kwa ajili ya mshipa pia. Dawa hii ikishachanganywa ni kali, pH yake ni karibu 11, na ikivuja nje ya mshipa inaweza kuchoma nyama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mwekundu na umejaa tangu Jumapili, na kanula ikahamishwa. Miongozo mingi inataka isizidi miligramu 5 kwa mililita, mingine inaruhusu hadi 7. Ile ya mwanzo, 800 ndani ya chupa ya 100, hata ukijumlisha maji ya kuyeyushia dawa, ilikuwa inagusa ukingo wa juu kabisa.

Siku ya tano stoo iliishiwa na familia ikatumwa chemisti. Walirudi na vichupa vya miligramu 250 badala ya 500, na kofia zake zinafanana. Ilibidi hesabu iandikwe upya kwenye chati, la sivyo mtu angechukua viwili akidhani ni gramu nzima. Bei iliwaumiza, na shemeji mmoja akauliza, kwa haki, kwa nini mama asipewe vidonge. Nilimweleza kwamba tumbo huchukua asilimia 10 hadi 20 tu ya asikloviri ya kumeza. Inatosha kwa kidonda cha mdomo, haitoshi kwa ubongo. Mtu mwingine alikuwa ameweka mabaki ya dawa iliyochanganywa kwenye friji ili yasipotee. Yalikutwa yameganda chembechembe, yakatupwa. Iliyoyeyushwa ndani ya kichupa hukaa kwenye joto la chumba na kutumika ndani ya saa 12.

Siku ya sita kutetemeka kuliisha. Siku ya saba aliuliza nani anakaa kwenye kibanda chake Gikomba na kama wameweka kufuli. Hakukumbuka kwamba aliwahi kusema amekufa. Kreatinini ilikuwa 150, uchujaji kama 38, dozi ikawa kila saa 12. Siku ya kumi ikawa 98, uchujaji kama 58, dozi ikarudi kila saa 8, na hapo nilipumua, kwa sababu kurudisha dozi ndiko kunakosahaulika zaidi. Nimeona wagonjwa ambao figo zimepona wiki nzima nao bado wanapewa dawa mara moja kwa siku, ubongo ukipiganiwa kwa theluthi ya silaha. Alimaliza siku 21. Taarifa ya madhara ilipelekwa Bodi ya Dawa na Sumu kwa mfumo wake wa kielektroniki.

Hakutoka mzima kabisa. Majina mapya hayakai kichwani, na hesabu ya chenji inamchelewesha, kwa hiyo binti sasa anakaa naye kibandani. Hayo ni majeraha ya virusi, si ya dawa, na baadhi yanaweza kupungua kadiri miezi inavyopita. Kreatinini ya mwisho kabla ya kuondoka ilikuwa 84. Barua aliyopewa inasema asitumie diklofenaki wala dawa za aina yake bila kumwona daktari, kreatinini irudiwe baada ya wiki mbili, na yeyote atakayemwandikia tena asikloviri au valasikloviri ampime kwanza figo na uzito. Homa, degedege au harufu ya kuungua isiyo na moto vikirudi, aletwe usiku huohuo.